Mke wa Mfungwa Hakai Eda

Picha waliyoibandika Kariakoo nzima, na mimi nilikuwamo. Ukiitazama vizuri, begani kwa mume wangu, utaviona vidole vinne visivyo na mwenyewe. Ni vyangu. Tulipiga picha ile siku ya Idi katika studio ya Mhindi mmoja Mtaa wa Uhuru, Bushiri ameketi kitini, mimi nimesimama nyuma yake. Mpiga picha akasema weka mkono begani, bibi, huyu si mumeo? Nikaweka. Miaka ikapita, Kamati ya Mshikamano ikataka sura ya mfungwa ya kutia kwenye bango, mwenyekiti wao Ndugu Eliasi akaja kuiazima, akaipeleka kwa wapiga chapa, wakanikata kwa mkasi. Vidole vikawashinda. Nilipouliza kipande changu kiko wapi, Ndugu Eliasi alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za maganda ya ndizi.

"Tutakitafuta, Mama," akasema.

Mpaka leo anakitafuta.

Mimi naitwa Mboni. Nalitaja mapema jina langu kwa sababu katika kisa hiki hamtalisikia sana. Kwetu ni Msumbiji, upande wa Mocimboa. Nilikuja Dar es Salaam na Bushiri kabla vita havijapamba moto, tukapanga chumba Mtaa wa Narung'ombe kwa Bi Mauza, mjane wa Kiarabu mwenye ulimi mkali. Bushiri alikuwa makanika mtaa wa Gerezani, akirudi jioni ananuka grisi hata baada ya kuoga. Mlango wa chumba chetu ulikuwa na tabia ya kujibamiza kila upepo ukipita kutoka uani, kwa hiyo akaleta beringi ya lori iliyokwisha, akaiweka chini kuushikilia. Mtoto hatukujaaliwa. Tulikuwa wawili na beringi yetu.

Mwaka wa sitini na tisa akaenda kumchukua mama yake kule kwetu, maana mabomu yalikuwa yakianguka karibu na kijiji. Wareno wakamkamata njiani, wakamkuta na kadi ya chama cha wapigania uhuru mfukoni. Kadi ile alipewa na rafiki yake hapo Gerezani, na kwa ninavyomjua mume wangu, alikuwa akifungia tumbaku. Mama yake alifariki bila kumwona. Yeye akafungwa kisiwani, na mimi nikabaki na chumba.

Sitaki mtu adhani naidharau Kamati. Wale watu walikuwa na moyo. Miaka ile mji ulijaa wakimbizi wa kila upande, wa kwetu, wa Rhodesia, wa Afrika Kusini, na wenyeji hawakutuuliza tutaondoka lini. Makuli wa bandarini walitoa sabuni, walimu walitoa nguo, hata Bi Mauza, ambaye hakupi kiberiti bila kukukumbusha kukirudisha, alitoa mablanketi mawili ya marehemu mumewe. Ndugu Eliasi mwenyewe alikuwa karani wa reli, mtu mwembamba mwenye suti moja ya Kaunda, akitoka kazini haendi kwake, anaenda kwenye Kamati. Nasema haya ili mjue kwamba walioniumiza walikuwa watu wazuri. Ingekuwa rahisi zaidi kama wangekuwa wabaya.

Kazi yangu katika Kamati ilikuwa kusimama. Tunaenda Mnazi Mmoja, watu wamejaa, ngoma imepigwa, Ndugu Eliasi anashika kipaza sauti anaita: "Bushiri!" Na umati unaitikia: "Aachiwe!" Anaita tena, wanaitikia tena, mpaka kunguru wanaruka kwenye miti. Halafu anasema, "Na huyu hapa, ndugu zangu, ndiye mke wa Bushiri," na mimi nasogea mbele na kanga zangu mpya walizonishonea upindo akina mama wa tawi, nanyoosha mkono juu. Wananipigia makofi. Wanawake wanalia. Mimi mwenyewe silii, kwa sababu Ndugu Eliasi alishanieleza kwamba mke wa mpiganaji akilia adui anafurahi.

Huyo Bushiri aliyekuwa akisifiwa pale sikumfahamu. Aliogopwa na Wareno, alikataa kuinamisha kichwa, alikuwa simba. Wangu alikuwa akiogopa mjusi. Alikuwa akila upesi mno, akimaliza anatazama sahani yangu. Nilitamani siku moja nishike kipaza sauti niseme hayo, waitikie "Aachiwe!" kwa ajili ya yule aogopaye mjusi. Lakini sikuwa na zamu ya kusema. Mkutano ukiisha, gari la Kamati linanishusha kona ya Narung'ombe, watu wanapunga mikono, gari linaondoka, na mimi naingia ukumbini, napita milango ya wenzangu waliokwisha kupakua, nafungua chumba changu. Nakula peke yangu. Nakwambia kweli, hakuna upweke mbaya kama wa mtu aliyetoka kupigiwa makofi.

Uvumi ulikuja mwaka wa sabini na mbili, mfungo mosi, Idi haijapoa. Kuna mtu wa kwetu alitoroka akavuka Ruvuma, akafika Mtwara, akasema amesikia kwamba Bushiri makanika amekufa gerezani. Si kwamba ameona. Amesikia. Maneno yalivyofika Kariakoo yalikuwa yameshanenepa, na kabla sijayameza, Bi Mauza alikuwa mlangoni kwangu na kaniki mpya mkononi.

"Ingia ndani, Mboni," akasema. "Vua hizo kanga. Ukae eda."

"Shikamoo, Bi Mauza."

"Marahaba. Usinibabaishe na shikamoo. Mumeo kafa."

"Nani kamwona?"

"Mwanamke mwenye haya haulizi mara mbili."

Nilikwenda kwa Maalim Shomari, anayesomesha watoto msikiti wa nyuma ya soko, mtu mpole anayeongea huku akitazama mkeka. Nikamweleza. Akaniambia habari ya kusikia haimfanyi mtu maiti, na mke hakai eda kwa uvumi. Apatikane aliyeona, mwenye kuaminika, hapo ndipo. "Usubiri, mwanangu," akasema. "Na umwombee kama anavyoombewa mtu aliye hai."

Jioni hiyo hiyo akaja Ndugu Eliasi. Alisimama ukumbini, hakutaka kuketi, kofia ameikunja mikononi.

"Mama, nimeambiwa kuna watu wanataka kukufungia ndani."

"Wanataka nikae eda."

"Miezi minne!"

"Na siku kumi."

"Mama, nisikilize." Nakumbuka jasho lilivyokuwa likimtoka. "Mwezi ujao tunaenda Tanga, tunaenda Moshi, tunaenda mpaka Mwanza. Wageni wanatoka Zambia kuja kutusikiliza. Wewe ukivaa kaniki leo, magazeti yataandika Bushiri kafa. Wareno watasoma. Na kama yu hai, ndiyo watammaliza kweli, maana nani tena atamdai? Ukikaa eda umemzika kwa mkono wako."

Bi Mauza alikuwa uani anasikia kila neno. Akapaza sauti: "Na asipokaa atakuwa amemtupa!"

Hapo nilisimama kati ya hao wawili. Kila mmoja alikuwa na hakika zake, na mimi ndiye mke nisiyekuwa na hakika yoyote. Nikachagua Tanga. Sikuchagua kwa sababu ya wageni wa Zambia. Nilichagua kwa sababu nilimtaka hai, na kusimama jukwaani kulikuwa ndiyo njia pekee niliyopewa ya kumtaka. Kaniki nikamrudishia Bi Mauza. Tangu siku hiyo akawa ananijibu salamu tu, na ndoo yangu ya maji ikawa inasogezwa pembeni pale bombani.

Basi nikazunguka nchi. Tanga walinivika shada la asumini, nikalivaa mpaka likanyauka. Moshi niliona mlima, nikacheka kwa furaha kama mtoto, nikajiambia nitamsimulia Bushiri. Mwanza tulikaa meza moja na wageni wa kiume, tukala sato, na mmoja wao akanisifia mafuta niliyojipaka. Nilikuwa nimejifukiza udi pia. Akina mama wa Mwanza waliniambia nisiende mbele za watu nikiwa kama mtu wa msiba, nami niliona wana haki. "Bushiri!" "Aachiwe!" Sauti ya umati wa Mwanza ilikuwa kubwa kuliko zote. Nilirudi Dar nimenenepa kidogo.

Mwaka mmoja na nusu ukapita hivyo. Halafu serikali ya Wareno ikapinduliwa huko huko kwao Ureno, mwaka wa sabini na nne, na magereza yakaanza kufunguliwa. Kariakoo ilicheza ngoma. Mimi nilipiga deki chumba, nikafua shuka, nikanunua wembe mpya, maana Bushiri hapendi kunyoa kwa wembe wa jana. Kila gari lililosimama kona nilikuwa nalisikia. Bi Mauza aliniona nikianika godoro, akageuka akaenda zake.

Aliyekuja si Bushiri. Alikuja mchana, mtu mrefu aliyekondeana, anayetembea bila kunyanyua miguu vizuri. Akapiga hodi, akaketi barazani bila kungoja kukaribishwa, kwa sababu miguu ilikuwa imemshinda. Akasema anaitwa Fikirini, alikuwa chumba kimoja na Bushiri kule kisiwani.

Nilimletea maji. Nilikuwa nimekwisha jua, lakini nilimletea maji na nikamngoja anywe.

"Ile beringi ipo?" akaniuliza.

"Beringi gani?"

"Ya mlangoni. Alikuwa akiitaja sana. Usiku ukiwa na joto anasema, saa hizi Mboni keshaiweka beringi, upepo unapita."

Ndipo nilipoketi. Nilikuwa sijasikia mtu akilitaja jina langu kwa sauti ile kwa miaka mingi.

Bushiri alikufa kwa tumbo la kuhara. Hakupigwa risasi, hakutoa hotuba. Fikirini na mwenzake mmoja ndio waliomwosha, wakamsalia, wakamzika ufukweni askari wakitazama. Nilimuuliza ilikuwa lini. Akasema Ramadhani, kumi la mwisho, ile ya mwaka wa sabini na mbili.

Nikahesabu, nikahesabu tena. Kumi la mwisho la Ramadhani, halafu Idi, halafu uvumi. Siku Bi Mauza aliposimama mlangoni na kaniki, kaburi la mume wangu lilikuwa bado bichi. Siku nilipochekea mlima, mimi nilikuwa mjane. Umati wa Mwanza ulitaka aachiwe maiti.

Sikupiga kelele. Niliingia ndani, nikavua kanga, na kwa kuwa sikuwa na kaniki nikajitanda shuka. Nikamtuma mpangaji mwenzangu akamwite Maalim Shomari. Nilitaka sasa nikae. Nilitaka chumba kifungwe, wanawake waje wakae chini, waniletee uji, wasiniruhusu kutoka wala kujitazama kwenye kioo. Nilitaka miezi yote minne na kila siku ya zile kumi. Kwa mara ya kwanza tangu Bushiri aondoke kulikuwa na kitu ninachokitaka na ambacho ni haki yangu, wala hakihitaji Kamati.

Maalim alikuja, akaketi ukumbini nje ya pazia. Alisikiliza yote.

"Mwanangu, Fikirini ameitaja siku ya kifo kwa yakini?"

"Kwa yakini, Maalim. Yeye ndiye aliyemwosha."

"Basi huna eda."

Nilidhani hakunielewa. Nikamweleza tena.

"Nimekuelewa," akasema. "Eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya habari. Imeshapita. Imekwisha tangu mwaka jana."

"Lakini sikukaa, Maalim! Nilikuwa Tanga! Nilikuwa na asumini kichwani!"

"Hukujua. Huna dhambi."

"Sikuulizi dhambi. Nakuomba siku."

Nilisikia akivuta pumzi upande wa pili wa pazia. "Sina za kukupa," akasema. "Huzuni hujakatazwa. Eda ndiyo imekwisha. Wewe ni mwanamke huru, hata leo ukiposwa unaolewa."

Huru! Nilicheka. Wapangaji walisema baadaye kwamba kicheko kile kiliwatisha kuliko kilio. Miaka mitano umati ulipiga kelele mtu aachiwe, na mwisho wa yote aliyeachiwa nikawa mimi.

Palisomwa hitima alasiri moja. Wanawake wa mtaa walikuja, wakala ubwabwa, wakanipa pole, na kabla ya magharibi wakajitanda kanga zao wakarudi makwao kupika, kwa sababu hapakuwa na eda ya kukaa nayo. Siwalaumu. Kilio kina saa zake, na za kwangu zilikuwa zimepita wakati wote tukiwa na shughuli nyingine. Bi Mauza ndiye aliyebaki mwisho. Aliketi juu ya mkeka karibu na mlango, akaitazama ile beringi.

"Nilikwambia ukae," akasema.

"Uliniambia, Bi Mauza."

Nilingoja aendelee, maana ulimi ule haujapata kuishia njiani. Hakuendelea. Alikuwa analia, na alikuwa anaona haya kulia mbele yangu, akainuka akaenda chumbani kwake. Kesho yake nilikuta ndoo yangu ya maji imejazwa na kuwekwa mlangoni. Hatukulizungumza tena.

Ndugu Eliasi naye alikuja na kofia yake. Akasema wanaandaa mkutano mkubwa wa kumbukumbu, nikae mbele, nitambulishwe kama mjane wa shujaa. Nilimwomba kipande changu cha picha. Akainamisha kichwa. Nikamwambia basi, ndugu yangu, mjane wa shujaa umtafute huko huko kilikopotelea hicho kipande. Alilia mtu yule. Nilisikitika kwa ajili yake, lakini sikwenda.

Mabango yalianza kuchanika kwa mvua. Mengine yalifunikwa na matangazo ya dansi. Nilibandua moja ukutani karibu na duka la Mzee Suud, likatoka vipande, na kipande chenye bega na vidole vyangu kikabaki ukutani kimegandana na gundi. Nikakiacha hapo hapo.

Siku moja ya kiangazi nilikuwa uani nachambua mchele. Upepo ulikuwa ukitoka upande wa Mnazi Mmoja, ukaleta sauti ya kipaza sauti. Ilikuwa sauti ya Ndugu Eliasi. Aliita jina nisilolijua, jina la kigeni, na umati ukaitikia kwa nguvu ile ile:

"Aachiwe!"

Niliweka ungo chini. Nikajitanda kanga, nikaenda.

Jukwaani alikuwa amesimama mwanamke kijana, mwembamba, na kanga mpya za upindo. Walisema ni mke wa mfungwa wa Rhodesia, anaitwa Josepha. Akanyoosha mkono juu. Wanawake wakalia, yeye hakulia, alikaza taya. Nyuma yake kulikuwa na bango la mume wake. Nilisogea karibu nikalitafuta bega, labda nitaona kidole. Hawakuacha kitu. Safari hii walikuwa wamekata vizuri.

Mkutano ulipoisha nilimfuata pale gari la Kamati lilipoegeshwa. Alikuwa amesimama peke yake, ameshika chupa ya soda aliyopewa, hajui aiweke wapi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na mimi nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, habari za Ramadhani na Mwanza na hesabu ya siku. Nikaona hayatamwingia. Nikatafuta maneno machache.

"Mume wako," nikamwambia, "usiku alikuwa anafanya nini? Mkiwa wawili tu."

Alinitazama kwa mashaka. Halafu akasema polepole, "Anaimba. Vibaya. Sauti mbaya sana."

"Umewaambia hawa?"

"Hapana. Hawaulizi."

"Basi leo usiku ukifika chumbani, mlilie huyo anayeimba vibaya. Kidogo tu. Na kesho, kidogo. Usingoje mtu akupe ruhusa."

"Lakini hajafa," akasema. "Dada, hajafa. Si hajafa?"

Gari lilipiga honi. Ndugu Eliasi aliniona, akasimama na mguu mmoja ndani ya gari, hakusogea.

"Sijui," nikamwambia. "Mimi pia sikujua."